Embaire Moja, Watu Sita

Mimi ni mzaliwa wa Mbale, na kwetu Mbale hesabu ya wapigaji ni rahisi: ngoma moja, mtu mmoja. Ukitaka ngoma nne za kumchezesha kijana anayekwenda jandoni, unaita watu wanne, unapatana nao bei, na kila mmoja anakuja na ngoma yake begani. Hakuna anayeshiriki ngoma na mwenzake, kama vile hakuna anayeshiriki kiatu. Nilihamia Jinja kufundisha Kiswahili nikiwa na hesabu hiyo kichwani, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniaibisha.

Kufundisha Kiswahili Jinja si kazi ya kukupatia heshima upesi. Wazee wengi wakikisikia wanakumbuka kizuizi cha barabarani na mtu mwenye bunduki akiwaamuru wakae chini. Ndiyo maana shuleni kwetu, tangu wiki ya kwanza, niliitwa Afande. Wanafunzi waliniita jina hilo kwa kunong'ona, mpishi aliniita waziwazi, na mhasibu wa shule ndiye aliyelipenda kuliko wote. Kila nilipoingia ofisini kwake kuomba chaki alisimama wima akanipigia saluti, kisha akaninyima chaki.

Silaha yangu ilikuwa tamthilia. Kila mwaka, muhula wa pili, nilitunga mchezo wa Kiswahili na wanafunzi wakauigiza mbele ya wazazi, ili watu wajue kwamba lugha hii inaweza pia kuchekesha. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimepanga chumba Walukuba, na mchezo wenyewe ulihusu mwenye nyumba bahili anayewatoza wapangaji wake pesa za maji ya mvua kwa sababu yamepita juu ya bati lake. Mwenye nyumba wangu alikuja kuutazama. Alicheka mpaka akapaliwa, nikajua hakujitambua.

Mwaka huo kulikuwa na mambo mawili mapya. La kwanza, mwalimu mkuu alikubali kwamba baada ya kuonyesha mchezo shuleni tuupeleke Mbale, kwenye ukumbi wa jamii, watu wa mjini walipe kiingilio. Mbale ni nyumbani. Mama yangu ana duka la mabeseni pale karibu na soko, na alikuwa hajawahi kuona hata mchezo mmoja niliotunga. Nilitaka aone huu, na nilitaka uwe mzuri hasa.

La pili lilikuwa muziki. Mwaka uliotangulia tulitumia spika ya naibu mwalimu mkuu, iliyounganishwa na simu yake. Tulipofika pale mama mzazi anapokata roho, wazazi wameshaanza kutoa leso, simu iliita, na ukumbi mzima ukasikia sauti ya mke wa naibu ikisema gesi imeisha na mboga bado mbichi. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu alisema yeye mwenyewe kwamba mwaka ujao tutafute wapigaji wa kweli.

Basi nikaambiwa niende Wanyange, kule ziwani, kuna mzee anayeuza mukene, wale dagaa wetu, na ndiye mkubwa wa embaire. Embaire ni marimba kubwa ya Wasoga. Nilikuwa nimeisikia kwa mbali kwenye sherehe, ila sikuwahi kuisogelea, na mtu asiyesogelea kitu hujiona anakijua. Nilimkuta mzee anageuza dagaa wake juu ya wavu. Alikuwa mtu mkavu, mpole, mwenye macho ya kupima.

"Embaire ni pesa ngapi, mzee?"

"Ya harusi?"

"Ya shule. Siku mbili. Moja hapa Jinja, ingine Mbale."

"Elfu hamsini kwa siku."

Mimi ni binti wa muuza duka. Bei ya kwanza siikubali hata ikiwa ya haki. Nilimwambia kwamba shule ni maskini na watoto ni wa taifa, nikaongeza kwamba sanaa ni moyo na utamaduni wetu unakufa. Nilisema mengi, na leo nikiyakumbuka natamani kuuficha uso kwenye wavu wa dagaa. Mzee alisikiliza yote, akageuza samaki wake, akashuka hadi arobaini. Nilirudi shuleni nikiruka kama ndama. Embaire nzima kwa elfu arobaini! Nilimwambia mhasibu, akanipigia saluti ya kweli kwa mara ya kwanza, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: ala moja, mpigaji mmoja.

Siku ya onyesho la Jinja, saa nne asubuhi, ziliingia boda tatu, kila moja imepakia watu wawili, na kila mtu amekumbatia gunia. Mzee wangu wa mukene alikuwa boda ya mbele na jembe mkononi. Walisalimia, wakauliza mchezo utakuwa upande gani, wakaangalia ardhi, kisha wakaanza kuchimba. Walichimba katikati ya nyasi mpya za mwalimu mkuu, zile alizozileta kutoka Kampala na kuziwekea kibao cha kukataza watu kukanyaga.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini akitembea taratibu, kama mtu aliyeitwa kwenye habari mbaya. Alitazama shimo, refu, lililochongwa pembe vizuri.

"Mwalimu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "tumefiwa na nani?"

Ndipo nilipofundishwa. Embaire haipigwi hivihivi. Inachimbiwa shimo ili sauti ipate mahali pa kukaa, pembeni mwa shimo vinalazwa vigogo viwili vya migomba, na juu ya vigogo zinapangwa mbao, kuanzia kubwa kama ya kitanda mpaka ndogo kama ya kukatia vitunguu. Migomba waliikata nyuma ya jiko, na mpishi hakunisemesha tena muhula ule. Kisha wale sita wakafungua magunia yao. Kila mmoja alitoa mbao zake, wakazipanga moja moja bila kubishana, ishirini na moja zote. Watatu wakakaa upande huu, watatu upande ule, wote juu ya embaire moja.

Walipoanza kupiga, nilisahau nyasi. Mikono kumi na miwili ilikuwa inaingiliana, huyu anagonga pale mwenzake anaponyanyua, na ule mdundo wa mbao kubwa ulikuwa unakuja kutoka ardhini na kunipanda miguuni. Wanafunzi waliokuwa wavivu wiki nzima walicheza kama waliokatwa kamba.

Na mimi, katikati ya furaha hiyo, nilikuwa nahesabu vichwa. Sitajifanya kwamba sikuelewa. Nilielewa pale pale kwamba elfu arobaini ilikuwa ya mtu mmoja. Ukimwuliza kinyozi bei, anakutajia bei ya kichwa kimoja. Hakutajii ya ukoo. Nilielewa, nikanyamaza, nikajiambia hawa ni watu wazima, watagawana wenyewe, mbona wanaonekana wana furaha. Nilimwona mhasibu naye anahesabu. Macho yetu yalikutana, akatabasamu, nami nikatabasamu, na kwa tabasamu hilo tukawadhulumu watu watano.

Baadaye alimkabidhi mzee bahasha moja na kreti ya soda. Mzee aliifungua, akatoa zile noti, akachungulia tena ndani ya bahasha kama anayeangalia kama kuna watu wengine humo. Wenzake walikuwa wanafukia shimo na kupanga nyasi juu yake, pande kwa pande. Mzee hakupandisha sauti.

"Asante, mwalimu," alisema. "Mimi umelipa."

Nikaitikia asante. Hayo maneno nilitembea nayo wiki mbili.

Siku ya safari ya Mbale ilikuwa Jumamosi. Basi la shule lilikuwa limejaa wanafunzi, mwalimu mkuu ameshaketi mbele, dereva amewasha injini. Mzee akatokea getini peke yake, na gunia lake na jembe lake.

"Wenzako wako nyuma, mzee?"

"Hapana, mwalimu. Nyinyi mulilipa mutu moja. Mutu moja amekuja."

Alisema bila hasira hata kidogo, kama anayenipa taarifa ya hali ya hewa, akapanda, akatafuta kiti cha dirishani. Mhasibu alifurahi, alihesabu sahani tano za chakula alizookoa. Mimi nilikaa nyuma yao nikitoka jasho mpaka Mbale. Nilikuwa najisemea kwamba hao watano watafuata kwa gari lingine, ingawa hakuna aliyesema watafuata. Mchezo ulikuwa saa tisa alasiri. Mama alikuwa ameshaniambia kwa simu kwamba amewaalika wenzake wote wa mstari wa mabeseni.

Tulipofika, mzee aliomba aonyeshwe uwanja nje ya ukumbi, akavua shati, akachimba. Alichimba shimo zima, la urefu uleule wa watu sita. Akalaza migomba, akapanga mbao zake sita, zile kubwa, upande mmoja. Sehemu iliyobaki ilikuwa shimo tupu. Embaire ilionekana kama kinywa cha bibi aliyebakiwa na magego tu.

Wanafunzi wakajipanga kwa mazoezi. Mzee akaanza. Naapa kwamba alipiga vizuri. Hakuharibu hata pigo moja. Alipiga zake, na pale penye pigo la mwenzake aliacha nafasi, ananyanyua fimbo zake hewani, anamsubiri mwenzake asiyekuwepo amalize, kisha anaendelea. Du. Kimya. Du-du. Kimya kirefu. Du. Wachezaji waliinua mguu na wimbo ukakatika, wakabaki wamesimama kwa mguu mmoja kama korongo, hawajui waushushe lini. Mwenye nyumba bahili aliingia jukwaani kwa madaha kwa hatua mbili, ya tatu haikuwa na muziki, akajikwaa. Binti mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa akisinzia katika kila somo langu, akasema kutoka nyuma, kwa matamshi safi kabisa, "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Methali hiyo niliifundisha mimi. Nilishindwa kumkemea.

"Sasa hii ni nini?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Si anapiga?" alisema mhasibu. "Mimi naona anapiga."

Niliondoka pale mbio, nikapanda boda, nikaenda dukani kwa mama. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: nikipata pesa sasa, nikazituma kwa simu Wanyange, wale watano wakipanda gari upesi, na Mungu akisaidia barabara, wangefika mchezo umeanza. Nilimkuta mama juu ya kigoda katikati ya mabeseni yake, anakunywa chai ya tangawizi. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, hata yale magego. Elfu arobaini mara tano za Jinja, mara sita za leo, anikopeshe, nitalipa mwisho wa mwezi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sikukopeshi."

"Mama, pesa unazo."

"Ninazo. Sikukopeshi. Ukilipa wewe, shule itajifunza nini? Itajifunza kwamba wapigaji ni wa bure na mwalimu wa Kiswahili ni mjinga."

Nikamwambia huu si wakati wa mafunzo. Akaweka kikombe chini. Mama yangu akiweka kikombe chini, mtu ajipange.

"Baba yako alipiga dufu na ngoma katika shule za mji huu mpaka mabega yakateguka. Mashindano ya shule hii, siku ya wazazi ya shule ile. Unajua alirudi na nini? Barua. 'Tunakushukuru kwa moyo wako wa kujitolea.' Zina mihuri. Nilizitunza kwenye kopo, kwa sababu alizipenda. Siku moja mafuta yaliisha nikawashia sigiri ya mkaa. Ziliwaka vizuri sana, sikatai. Lakini mchele sikuweza kununua nazo."

Sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo. Nilimkumbuka baba akirudi jioni za siku za mashindano, amechangamka, ana harufu ya jasho na wali wa watu, na mama yuko kimya jikoni. Nilikuwa nadhani mama hapendi ngoma.

"Na wewe ukapatana bei na mtu huyo," mama aliendelea. "Ukamshusha."

"Nilimshusha."

"Kutoka hamsini."

"Ndiyo, mama."

"Toka dukani kwangu," alisema. "Nenda ukagombane na mwenye mfuko. Saa tisa nitakuja na wenzangu, na nikikuta magego sita, nitasimama mbele ya watu nieleze kwa nini."

Anafanya anachosema. Nilirudi ukumbini nimechukia, na hasira ile ndiyo iliyonisaidia, kwa sababu kwa hekima peke yake nisingemweza mhasibu. Nilimkuta mlangoni na mkoba wake kifuani. Kiingilio kilikuwa kimeanza kuuzwa tangu tulipofika. Mkoba ulikuwa umenenepa. Mwalimu mkuu alikuwa kando yake, na mzee amekaa pembeni mwa shimo lake anakula muwa.

Nikasema, mbele yao wote, kwamba wapigaji ni sita, wamelipwa mmoja, na kosa ni langu na la mhasibu pamoja, ila pesa ziko kwake.

Mhasibu akanipigia saluti. "Afande, kwa kitabu iko ala moja. Mimi nalipa ala."

"Mwezi uliopita timu ya mpira ilikwenda Iganga," nikamwambia. "Walichezea mipira mingapi?"

"Moja."

"Mbona ulinunua chakula cha watu kumi na wanane?"

Mwalimu mkuu anapenda mpira kuliko matokeo ya mitihani. Nilimwona anaigeuza hoja ile kichwani, anaiangalia huku na huku, hapati pa kuivunjia. Alikohoa.

Mhasibu hakukata tamaa. Akasema basi wanafunzi wapige zile sehemu nyingine, wana mikono. Mzee akamjibu kwa upole kwamba mikono ipo, mbao hazipo.

"Mbao iko wapi?"

"Kila mbao iko na mwenyewe," alisema mzee, na hapo ndipo alipotueleza. Zamani embaire yote ilikuwa inalala nyumba moja. Siku moja yule aliyekuwa anailaza akaipakia kwenye gari, akaenda kuipiga kwenye mkutano wa mwanasiasa na wapwa zake, akala pesa peke yake. Tangu siku hiyo waliapa. Wakimaliza kupiga, kila mtu anaondoka na mbao zake, analala nazo. Mkubwa analala na sita, wengine tatu tatu. "Sasa mutu moja hawezi uza embaire," alisema. "Hata mimi. Mimi nikitaka kuiba, naiba magego sita tu."

Alikuwa amemsikia mama? Hapana, alikuwa hapa na muwa wake. Nadhani kila mwenye macho aliona yale magego.

"Tulipe watatu," alisema mhasibu. Sauti ilikuwa imeanza kupungua. "Nusu."

"Sawa, basari," alisema mzee, akimwita mhasibu kwa cheo chake cha Kiingereza. Akasimama, akamshika mkono kwa adabu, akampeleka kwenye shimo. "Chagua. Tuache hapa wazi ama hapa? Hapa ndiyo wimbo unapanda. Hapa ndiyo unarudi nyumbani. Ukitoa hii, unapanda haurudi."

Nje ya geti watu walikuwa wanazidi kujipanga, na wengine walikuwa wameshaanza kuuliza mbona hawasikii ngoma. Mwalimu mkuu alisema neno moja tu, "Lipa," kisha akaenda kumsalimia mgeni rasmi. Mhasibu akafungua mkoba kama mtu anayefungua jeraha lake. Alihesabu za watano wa Jinja. Alihesabu za sita wa leo. Alitaka mzee asaini zote. Mzee alisaini yake, ya siku ile.

"Hizi zingine ni za wenyewe. Watasaini wao."

"Wenyewe wako Wanyange, bwana! Saa saba hii!" Hiyo sauti ilikuwa yangu. Niliona safari nzima mbele yangu, saa tatu za barabara, na mama yangu amesimama kuhutubia.

Mzee akatoa simu yake ndogo, akabonyeza, akasema maneno mawili ya Kisoga. Baada ya muda wa kunywa chai, watu watano waliingia getini kwa miguu, magunia mabegani, mmoja bado anatafuna chapati yake ya mayai. Walikuwa kituo cha mabasi, hatua mia tatu kutoka pale, tangu saa nne asubuhi. Walikuja kwa gari la alfajiri, kila mtu na nauli yake.

Sikujua nicheke au nimpige mtu. "Kumbe mlikuwa hapa? Na kama tusingelipa?"

"Tungerudi," alisema mmoja wao, aliyekuwa kijana kuliko wengine. "Lakini Mbale hatujawahi ona. Tumeona mulima."

Walisaini mmoja mmoja, mezani, mhasibu ameshika kitabu kwa mikono miwili ili kisichezecheze. Mmoja hakujua kuandika, akaweka dole gumba kwa wino, akalipuliza likauke vizuri. Kisha wakakaa mahali pao, wakapanga mbao, na shimo likajaa.

Mchezo ule sitauelezea, aliyekuwepo alikuwepo. Nitasema tu kwamba mwenye nyumba bahili alipotoza wapangaji pesa za ukungu wa asubuhi, kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika, wafanyabiashara wa Mbale walicheka wakipigana mabega, na ile embaire ikavipokea vicheko vyao na kuwarudishia. Mama alikuwa mstari wa mbele na wanawake wenzake wa mabeseni, wote wamejitanda kanga. Katikati ya wimbo wa mwisho alisimama, akasogea mpaka kwa wapigaji, akabandika noti kwenye paji la uso la mzee, lililokuwa na jasho la kutosha kuishika. Wenzake wakafuata. Watu wakajaa, wakabandika noti za elfu moja, elfu mbili, elfu tano, kwa wote sita. Mhasibu akaja na beseni, akisema kwa kitabu hayo ni mapato ya onyesho. Mama akamtazama. Mhasibu akalirudisha beseni.

Watu walipoondoka, wapigaji walivuta mbao zao, kila mtu zake, wakaanza kufukia shimo. Nilikwenda kuwasaidia kukusanya migomba, na kwa kweli nilikwenda kuomba radhi. Nilimwambia mzee kwamba siku ile ya Jinja niliwahesabu vichwa nikanyamaza, kwamba nilijua. Alisema yeye aliniona nikihesabu. Akaendelea kusukuma udongo. Kisha akaegemea jembe.

"Mwalimu. Haya maneno watoto walisema, ya ukungu, ya bati. Nani alitunga?"

"Mimi."

"Yote?"

"Yote, mzee. Hii ni tamthilia yangu ya tisa."

"Basari alikulipa ngapi?"

Nilicheka. Nilimwambia mimi ni mwalimu, nina mshahara.

"Mushahara ni ya kufundisha. Nauliza hii ya kutunga."

Nilimtafuta mhasibu kwa macho. Alikuwa anapakia viti na kutotazama upande wetu. Nilitafuta jibu, mimi ninayelipwa kwa ajili ya kuwa na maneno, nikakuta kwamba kwa michezo tisa nilikuwa na cheti kimoja na barua tatu za shukrani, na kwamba nilizipenda. Nilikuwa nimezitia kwenye fremu.

"Hawajanilipa," nilisema.

Mzee akawageukia wenzake, wakasemezana Kisoga kidogo, si kirefu. Kisha wakaja mbele yangu mmoja mmoja, kama walivyokuja kusaini, na kila mmoja akanipa noti moja katika zile alizobandikwa usoni, bado zina unyevu. Mzee alikuja wa mwisho. Nilizipokea zote sita kwa mikono miwili, na sikuweza kumtazama mtu yeyote machoni.